Barua ya wazi kwa viongozi wa Massachusetts: Mel King aenziwe darasani

Kwa: Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Massachusetts, Mheshimiwa Rais wa Seneti, Mheshimiwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, na Mheshimiwa Meya wa Jiji la Boston.

YAH: KUMUENZI MAREHEMU MELVIN H. KING, MWAKILISHI WA JIMBO NA MWALIMU WA JAMII

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima tunawaandikia sisi wakazi wa jimbo hili wenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo, tunaoishi Boston, Lowell, Worcester, Lynn na miji mingine, kuhusu namna ya kumuenzi marehemu Mel King, aliyefariki dunia tarehe 28 Machi 2023 akiwa na umri wa miaka 94. Barua hii tunaisambaza kwanza kwa Kiswahili ili ndugu zetu waipitie, waikosoe na kuitia saini kabla haijakabidhiwa kwenu kwa Kiingereza. Ombi letu ni moja: kazi aliyoifanya ndani ya Baraza la Wawakilishi na nje yake ifundishwe kwa watu wazima, hasa wahamiaji, katika madarasa ya elimu ya uraia yanayogharamiwa na jimbo, na madarasa hayo yaendeshwe kwa utaratibu aliouamini yeye mwenyewe, kwamba aliyekwisha kujifunza hupewa zamu ya kumfundisha mwenzake.

Tunafahamu kwamba hamjamsahau. Makutano ya Columbus Avenue na Yarmouth Street yanaitwa kwa jina lake, katika mtaa wa South End, hapa Boston, kuna shule ya umma yenye jina lake, na tangu mwaka 2009 ipo taasisi inayoitwa kwa jina hilohilo, inayowapa mafunzo watu wanaofanya kazi ya maendeleo ya mitaa. Hatuna neno na vibao, na hata mkiamua kumsimamishia sanamu hatutaandamana kuipinga. Ila kibao hakisimulii, na wapo wageni wanaokipita wakidhani kwamba huyu alikuwa ndugu yake Martin Luther King. Mtu aliyetumia maisha yake kuwafundisha watu jinsi serikali yao inavyofanya kazi hastahili kubaki jina tu mbele ya watu walewale ambao angependa kuwafundisha.

Mel King alizaliwa South End tarehe 20 Oktoba 1928, mtoto wa wahamiaji, baba kutoka Barbados na mama kutoka Guyana. Alikulia Seneca Street, katika eneo lililoitwa New York Streets, ambako Weusi, Wayahudi, Waairishi, Wagiriki, Washami na Wachina walikuwa wakiishi mlango kwa mlango. Katikati ya miaka ya 1950 jiji lilibomoa eneo lile lote kwa madai ya kuliboresha, wakazi wakatawanyika, na ardhi ikapewa biashara, zikiwamo ofisi na mitambo ya gazeti moja kubwa. Leo yamesimama hapo majumba ya ghorofa ambayo kodi yake haimuduki kwa watu wa aina ya wale walioondolewa. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu bila hilo mengi aliyoyafanya baadaye yangeonekana kama ukaidi tu. Alikuwa ameona kwa macho yake jinsi mtaa mzima unavyoweza kufutwa kwa uamuzi uliopitishwa mezani na watu wasioishi hapo, huku wanaoishi hapo hawajui hata ofisi ya kwenda kulalamika.

Alisoma hisabati katika Chuo cha Claflin, South Carolina, akahitimu mwaka 1950, na mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamili ya ualimu hapa Boston. Alifundisha hisabati katika shule za sekondari za jiji, kisha akaenda kufanya kazi na vijana wa mitaani South End. Aligombea kuingia katika Kamati ya Shule ya Boston mwaka 1961, akashindwa, akagombea tena 1963 na 1965, akashindwa. Kamati ile ilikuwa ikikataa katakata kukiri kwamba watoto Weusi walikuwa wametengwa katika shule duni. Ilimchukua Jaji W. Arthur Garrity wa mahakama ya shirikisho kutamka hivyo rasmi mwezi Juni 1974, na jiji likaingia katika misukosuko ya mabasi ya shule, yaliyowapeleka watoto mitaa mingine ili Weusi na Wazungu wasome pamoja, ambayo makovu yake hayajafutika. Mtu anaweza kujiuliza hali ingekuwaje kama mwalimu yule wa hisabati angesikilizwa miaka kumi na zaidi kabla ya hukumu.

Mwezi Aprili 1968 ndipo lilipotokea tukio ambalo watu wengi humkumbuka kwalo. Kwenye kona ya Dartmouth Street na Columbus Avenue nyumba za watu zilikuwa zimebomolewa na kiwanja kikageuzwa kuwa maegesho ya magari. King na wenzake walikikalia kiwanja hicho, wakazuia magari, baadhi yao wakakamatwa na polisi, na wengine wakapiga mahema na kulala papo hapo. Wakapaita Tent City, yaani jiji la mahema. Jambo linalotuvutia zaidi kuliko mahema yenyewe ni yaliyofuata, ambayo hayakupigwa picha nyingi. Kwa miaka 20 watu wale waliendelea kukutana, kusoma ramani, kubishana na jiji na wawekezaji, kujifunza lugha ya mikopo na ruzuku ya nyumba, hadi mwaka 1988 zilipofunguliwa nyumba 269 mahali palepale. Robo ni za watu wa kipato cha chini, nusu ni za watu wa kipato cha kati, na robo hukodishwa kwa bei ya soko. Mpango huo ungali wapaswa kulindwa, na tunaamini jiji linalijua hilo bila kukumbushwa na sisi.

Mwaka 1973 aliingia katika Baraza la Wawakilishi na akakaa humo mihula mitano, hadi mwanzoni mwa Januari 1983. Waheshimiwa Spika na Rais wa Seneti, hapa ndipo tunapowaomba msome kwa makini, kwa sababu mambo yaliyofanyika katika jengo lenu chini ya kuba la dhahabu ndiyo yanayojulikana kidogo kuliko yote. King hakuwa mbunge wa kusubiri miswada iletwe. Tangu mwaka 1970 alikuwa akiongoza katika chuo cha MIT programu ya wanajamii, iliyowachukua watu waliokuwa wakifanya kazi mitaani, wengi wao bila vyeti vikubwa, ikawapa muda na nafasi ya kusoma na kutafakari kazi zao. Hapohapo MIT alikuwa akiitisha kifungua kinywa cha Jumatano asubuhi. Walikaa meza moja wanaharakati wa nyumba, mawakili wa msaada wa kisheria, wahadhiri na wasaidizi wa wabunge, wakaumega mkate na kuumega mswada. Kutoka meza ile zilizaliwa, kati ya mwaka 1975 na 1978, sheria zilizoanzisha mashirika ya serikali ya kuvipa mitaji na ushauri vyama vya maendeleo vya mitaa, vile ambavyo hadi leo vinajenga na kuendesha nyumba za bei nafuu katika miji yetu. Baadhi yetu tunaishi katika nyumba hizo.

Ipo pia sheria ya mwaka 1974 ya bustani na mashamba, aliyoisimamia yeye, iliyowaruhusu wananchi kulima ardhi ya umma iliyokaa bure. Wakati ule Boston ilikuwa imejaa viwanja vitupu vilivyoachwa na mabomoabomoa na nyumba zilizoungua. Mtu aliyezaliwa Kisii, Iringa au Bukavu hahitaji kufafanuliwa thamani ya sheria kama hiyo. Ukipita wakati wa kiangazi kwenye bustani za jamii za jimbo hili utakuta matuta ya mchicha, kunde na managu, na mama aliyevaa kanga kiunoni akipalilia kabla ya kwenda zamu yake ya jioni ya kuhudumia wazee. Pengine hajawahi kulisikia jina la Mel King, ingawa ndiye aliyetetea ndani ya Baraza haki ya mtu asiye na ardhi kushika jembe mjini.

Sheria ya tatu inatugusa kwa namna nyingine kabisa, na ndiyo sababu hasa ya sisi Waafrika kuthubutu kuandika. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili Weusi wa kampuni ya Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba mitambo ya kampuni yao ilikuwa ikitumika Afrika Kusini kutengeneza picha za vitabu vya pasi, vile ambavyo kila Mwafrika alilazimishwa kuvibeba katika nchi yake mwenyewe. Kampuni iliondoka Afrika Kusini mwaka 1977. Habari hiyo, iliyoanzia Cambridge, mto tu ukiitenganisha na Boston, iliwafungua watu macho kwamba fedha za hapa zinafanya kazi huko. King, pamoja na Seneta Jack Backman, walipeleka hoja hiyo mahali ambapo haikutarajiwa, kwenye mfuko wa pensheni. Akiba ya uzeeni ya walimu na watumishi wa jimbo ilikuwa imewekezwa katika kampuni zilizokuwa zikifanya biashara na serikali ya Makaburu. Kwa maneno mengine, mwalimu wa Roxbury aliyekuwa akiwafundisha watoto kwamba ubaguzi ni dhambi alikuwa akiugharamia kila mwisho wa mwezi bila kujua.

Mswada wa kuziondoa fedha hizo uliungwa mkono na vyama vya wafanyakazi, makanisa na wanafunzi, na ulipopita, gavana wa wakati huo aliukataa kwa kura ya turufu. Naye pia aliitwa King, Edward King, na inasemwa kwa utani kwamba siku zile mtu akitaja jina hilo Beacon Hill, kwenye jengo la serikali ya jimbo, ilibidi aulizwe yupi. Mwanzoni mwa Januari 1983, katika siku za mwisho kabisa za kikao, huku muhula wa mwisho wa Mel King ukimalizika, Baraza na Seneti vilipata theluthi mbili ya kura na kuibatilisha ile turufu. Massachusetts ikawa miongoni mwa majimbo ya mwanzo kabisa ya Marekani kuondoa fedha za pensheni katika uchumi wa ubaguzi. Miaka mitatu na ushei baadaye, mwaka 1986, Bunge la Marekani lilipitisha vikwazo dhidi ya Afrika Kusini kwa kuibatilisha kura ya turufu ya Rais Reagan, na mwezi Juni 1990, miezi michache tu baada ya kutoka gerezani, Nelson Mandela alikuja Boston.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tulilelewa na habari za vita vile kwa upande wa pili. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Mazimbu, Morogoro, ANC ilijenga chuo cha vijana wake waliokimbia nchi. Wazee wetu walichangia, walihifadhi wakimbizi, wengine walizika wapiganaji katika ardhi yao. Lakini hakuna aliyetufundisha, huko wala huku, kwamba katika mji tuliokuja kutafuta riziki palikuwa na mwakilishi mmoja wa wilaya ya South End aliyekuwa akipigana vita hivyohivyo kwa kutumia kifungu cha sheria ya pensheni. Mtu anayejiandaa kwa mtihani wa uraia huambiwa akariri idadi ya maseneta na jina la gavana wake. Akihadithiwa jinsi sheria hii ilivyoanza na wafanyakazi wawili, ikapita kwenye meza ya kamati, ikakataliwa na gavana, ikarudi na kushinda, angeielewa serikali ya jimbo lake kuliko kwa kukariri majina hamsini. Angejua pia kwamba historia ya bara lake imo ndani ya kumbukumbu za Baraza lenu.

Kuhusu kugombea kwake umeya hatutasema mengi, kwa kuwa magazeti yameyasema. Mwaka 1979 alimaliza wa tatu, na mwaka 1983 akawa Mweusi wa kwanza kufika duru ya mwisho ya uchaguzi wa meya wa Boston, akashindwa na Raymond Flynn. Muungano wake wa upinde wa mvua uliwaweka pamoja Weusi, Walatino, Waasia, Wazungu, mashoga na wasagaji, wanawake na wapangaji, katika mji uliokuwa bado ukirushiana mawe kwa sababu ya shule.

Baada ya kustaafu MIT mwaka 1996 aliendelea na kazi kwa miaka mingine zaidi ya ishirini. Ndani ya jengo la Tent City alianzisha kituo cha teknolojia cha South End, ambapo wakazi walifundishwa kompyuta kwa gharama ndogo au bila malipo, na mwaka 2003 kikafunguliwa hapo, kwa ushirikiano na MIT, karakana ya kwanza nje ya chuo hicho ya kutengeneza vitu kwa mashine zinazoendeshwa na kompyuta. Karakana za namna hiyo sasa ziko duniani kote, zikiwamo nchi zetu. Kilichotufanya tukitaje kituo hicho ni mpango wake wa vijana. Wanafunzi wa vyuo huwafundisha vijana wa sekondari, kisha wakati wa kiangazi vijana hao huwafundisha watoto wa mitaani kwao, na hulipwa kwa kazi hiyo. Mtoto anamwona mwalimu wake dukani, kwenye basi, uwanjani, na anajua kwamba hata yeye zamu yake itafika. Wale waliokulia Tanzania wakati wa kampeni ya elimu ya watu wazima, baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa mwaka wake, watautambua utaratibu huu mara moja, kwani kijana wa darasa la saba ndiye aliyeshika chaki mbele ya wazee wa kijiji. Na wale wa Kenya wanalijua darasa la ngumbaru na heshima yake.

Sasa tunarudi kwenye ombi. Mwezi Novemba 2018 jimbo lilipitisha sheria inayozitaka shule za umma kuwapa wanafunzi wa darasa la nane na wa sekondari fursa ya kufanya mradi wa uraia wanaouongoza wenyewe. Ni sheria nzuri na tunaipongeza bila kigugumizi. Mtoto anarudi nyumbani akieleza jinsi mswada unavyosomwa na jinsi ya kumwandikia mwakilishi, na mzazi wake, ambaye ndiye mlipa kodi na mara nyingi ndiye mpiga kura, anabaki msikilizaji. Madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima yana orodha ndefu za kusubiri, na yale ya uraia yanalenga mtihani wa shirikisho peke yake. Anayefaulu anaapishwa akiwa hajui tofauti ya kazi ya baraza la jiji na ya Baraza la Wawakilishi, wala pa kupeleka shida ya kodi ya nyumba iliyopandishwa ghafla. King aliyaona matokeo ya kutojua huko Seneca Street.

Tunaomba, kwa hiyo, fungu katika bajeti ya jimbo kwa ajili ya madarasa ya uraia ya jimbo na jiji, yanayofanyika jioni na mwisho wa juma, mahali watu wanapokusanyika tayari, iwe ukumbi wa kanisa, msikiti au maktaba ya mtaa, na yanayofundishwa kwa lugha ambazo watu wanazielewa, Kiswahili, Kilingala, Kireno, Krioli ya Haiti, Kihispania na nyinginezo. Walimu watoke miongoni mwa waliohitimu, walipwe ujira wa haki na wasitegemewe kwa kujitolea peke yake, kwa maana mtu mwenye kazi mbili hawezi kujitolea mara ya tatu. Mafunzo yajengwe juu ya mifano halisi ya kazi ya King, yaani sheria ya bustani, sheria za vyama vya maendeleo, sheria ya pensheni na safari ya miaka 20 ya Tent City, na nyaraka zinazohusu kazi hiyo zifanyiwe muhtasari na kutafsiriwa kwa ajili ya mafunzo hayo. Nyaraka hizohizo zinaweza kuwafaa walimu wa shule wanaotekeleza sheria ya 2018.

Huenda mtatujibu kwamba fedha ni chache na kwamba kila jamii italeta marehemu wake. Kwa la pili tunasema walete. Kwa la kwanza tunasema kumbi zipo, walimu wapo, na mtaala tayari umo katika rekodi zenu. Na kama kuna anayehofia kwamba kufundisha kwa lugha za wahamiaji kutawachelewesha kujifunza Kiingereza, tunamkaribisha katika darasa lolote la watu wazima aone ni nani anayeuliza maswali na ni nani anayenyamaza miaka mitatu akisubiri sarufi yake ikamilike.

Katiba na desturi za jimbo hili zinampa mkazi yeyote haki ya kuomba mswada uwasilishwe kwa niaba yake kupitia mwakilishi au seneta wake, hata kama mwakilishi huyo hakubaliani nao. Ni haki ambayo wachache wanaijua, na sisi tunakusudia kuitumia. Mkituletea mpango wenu kabla kikao kipya cha Baraza hakijafunguliwa, tutaupokea na kuufanyia kazi pamoja nanyi. La sivyo, mswada wetu utawasilishwa kikao hicho kitakapoanza, nasi tutaomba nafasi ya kutoa ushahidi mbele ya Kamati ya Pamoja ya Elimu, pamoja na mkalimani kwa wale watakaozungumza kwa lugha zao. Nakala ya barua hii yenye saini itakabidhiwa katika ofisi zenu zote nne.

Wenu katika ujenzi wa jimbo,

Wakazi wa Massachusetts wenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo